Niko Hai, Bado Sijafika Moshi: Niliyoyaona Nikifanya Kazi na Wajapani

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa katikati ya wataalamu wa Kijapani na wakulima wa mpunga chini ya Mlima Kilimanjaro, nikitafsiri na kuunganisha. Watu wakisikia hivyo huniuliza kama Wajapani ni wagumu, au kama Kijapani ndicho kilichonisumbua. Jibu langu halijabadilika: kilichotusumbua ni adabu. Wajapani wana adabu nyingi. Wakulima wetu nao wana adabu nyingi. Adabu mbili zikikutana kabla hazijajuana, huzaa vituko ambavyo wakorofi wawili wasingeviweza, kwa sababu wakorofi angalau huambiana wanachotaka.

Wajapani si wageni Kilimanjaro. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wao, na mwaka 1994 kikaanzishwa Kituo cha Mafunzo ya Kilimo, KATC, pale Chekereni. Vijana wao wa kujitolea walianza kuja Tanzania tangu 1967. Kwa hiyo ukikaa na wazee wa Mabogini au Rau ya Kati hukosi kusimuliwa habari za Mjapani fulani aliyeingia jarubani na suruali yake ya kazi akapandikiza mpunga mpaka jua likazama. Mradi wangu ulikuja baadaye na ulikuwa mdogo zaidi, ila nikiwasikiliza wazee hao natambua kuwa yaliyotukuta sisi yaliwakuta na wao.

Nianze na simu, maana hiyo mpaka leo ikitajwa ofisini kazi inasimama.

Mjapani akipokea au akipiga simu husema "moshi moshi". Ndiyo "halo" yake. Na "ndiyo" kwa Kijapani ni "hai". Sasa mchukue mtu huyo umlete afanye kazi katika mji unaoitwa Moshi, na jirani yake wilaya inayoitwa Hai. Siku moja dereva wetu alitumwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kumpokea mgeni mkubwa kutoka Tokyo. Wakiwa njiani kurudi, mhandisi mkuu akampigia kujua wamefika wapi.

"Moshi moshi?"

"Hapana mzee, bado. Niko Hai."

Mtandao ulikuwa unakatika. Mhandisi alichokisikia vizuri ni neno la mwisho. Akataka kuhakikisha, kama ilivyo desturi yao ya kuhakikisha kila kitu mara mbili.

"Moshi?"

"Hai, mzee! Hai!"

Akakata simu, akatoka ofisini kwa haraka. Kwa Wajapani mgeni wa heshima hupokewa mlangoni, hangojwi ndani. Basi sote tukapangwa mbele ya jengo kwa mstari, chai ikamiminwa, mashati yakachomekwa. Tukasimama. Jua la mchana la Moshi mnalijua. Baada ya muda mrefu mhandisi akapiga tena, akaanza kama kawaida yake na "moshi moshi", na dereva, ambaye sasa alishaanza kuona kwamba bosi ana haraka isiyo ya kawaida, akajibu kwa sauti ya juu ili asikike: "Bado niko Hai mzee, hapa Boma Ng'ombe, kuna lori limeanguka barabarani!" Nikaomba simu. Nilipomweleza mhandisi, alikaa kimya kidogo, kisha akacheka hadi akashika magoti, na tangu siku hiyo dereva aliombwa akifika wilaya ile aseme tu "Boma".

Hilo lilikwisha kwa kicheko. La msonyo karibu litushinde.

Mjapani akiulizwa jambo ambalo jibu lake ni zito, huinamisha kichwa pembeni na kuvuta hewa ndani kupitia meno, "ssss", halafu anasema "saaa…" na kunyamaza. Kwao hiyo ni heshima. Anakuonyesha kwamba swali lako amelipima na kwamba anaona uchungu asije akakuangusha. Kwetu sauti hiyohiyo ina maana moja tu, na mtoto akiitoa mbele ya mama yake anajua kitakachofuata.

Tulikuwa kwenye mkutano wa wakulima. Bibi mmoja, mjumbe wa kamati na mtu anayeheshimika kijiji kizima, akasimama kuuliza kama mfereji wa upande wao nao utasakafiwa kwa zege. Mhandisi akainamisha kichwa. "Ssss." Ukumbi ukanyamaza. Bibi akakaza khanga yake kiunoni, akasema taratibu: "Mimi nina wajukuu. Leo nimesonywa na mgeni mbele ya watu?" Wanaume wawili wakainuka. Nikaomba kila mtu akae, nikaeleza kwa Kiswahili sauti ile ina maana gani kwao, kisha nikamgeukia mhandisi nikamweleza kwa Kijapani ina maana gani kwetu. Uso wake ulibadilika rangi. Akatoka nyuma ya meza, akasimama mbele ya bibi, akainama mpaka mgongo ukalala sawa, akakaa hivyohivyo bila kuinuka. Bibi hakuwahi kuinamiwa namna ile na mwanamume mwenye mvi. Akamtazama, akatutazama sisi, kisha akasema jibu lililomjia: "Marahaba, mwanangu. Inuka." Mkutano ukaendelea.

Lakini swali la bibi lilikuwa bado halijajibiwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na somo kubwa kuliko kelele zote za msonyo. Mhandisi alijibu kwa Kijapani kwamba jambo hilo "ni gumu kidogo". Mtu aliyekaa na Wajapani anajua kwamba hapo umekataliwa, na umekataliwa kabisa. Bajeti haikuwapo. Lakini adabu yake haikumruhusu kumwambia mama mtu mzima "hapana" mbele ya hadhara, hasa baada ya yaliyotokea. Mkulima wa Chekereni akisikia "ni gumu kidogo" anaelewa kwamba kazi ipo, ni ngumu, na itafanyika. Kazi gani ya shambani si ngumu? Wakaanza kupiga makofi. Ilibidi nisimamishe makofi niombe ruhusa ya mhandisi niseme waziwazi kwamba fedha za mfereji ule hazipo katika awamu hii. Aliniangalia kama mtu niliyembandua plasta kwenye jeraha, halafu akaitikia kwa kichwa. Nilisema. Watu hawakufurahi, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani na ahadi ya uongo.

Dakika chache baadaye ikawa zamu yetu. Mhandisi akaomba wanachama wote waje Jumamosi asubuhi kusafisha mfereji mkuu kabla ya msimu. Mwenyekiti akasimama, akashukuru sana, akasema: "Tutajitahidi. Mungu akipenda tutakuja." Ukumbi mzima ukaitikia. Mhandisi akaandika kwenye daftari lake idadi ya watu, idadi ya majembe, na muda wa kuanza. Mimi nilijua Jumamosi ile ina mazishi kijiji cha pili, na mwenyekiti alijua, na kila mtu ukumbini alijua. Hakuna aliyedanganya. Mgeni ameomba kwa upole, mwenyeji hawezi kumrudishia "hatuji" usoni. Kwa hiyo katika mkutano mmoja, Mjapani alikataa na wakulima wakasikia amekubali, na wakulima wakakataa na Mjapani akasikia wamekubali, na pande zote mbili zilikuwa zinalinda heshima ya mwenzake. Nililieleza la mazishi palepale, kazi ikahamishiwa Jumatatu, na watu walijaa.

Tangu hapo nilijenga tabia ambayo naipendekeza kwa yeyote anayefanya kazi hii. Siulizi swali linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Siulizi "Mtakuja?" Nauliza nani atabeba funguo za stoo ya majembe, nani atapika uji, na wa kitongoji cha mbali watapitia wapi mvua ikinyesha. Kwa Wajapani siulizi "Inawezekana?" Nauliza barua ya maombi iandikwe kwa nani na inatakiwa lini. Kukiwa na jibu lenye jina la mtu na siku, jambo lipo. Kukiwa na tabasamu na shukrani tu, jambo halipo. "Hai" yenyewe mara nyingi ni ya kusikia, si ya kukubali. Mjapani anaposema "hai, hai, hai" wakati unazungumza anakuambia yuko nawe, endelea, kama sisi tunavyoguna "mmh" mtu akisimulia.

La Kyoto lilinichukua muda kulielewa. Tulikuwa na mtaalamu wa udongo, kijana mpole, mzaliwa wa mji huo. Kila tukimtembelea mkulima, yakiisha mazungumzo na mama wa nyumbani akisema "Msiondoke, ngojeni chakula", kijana huyu alikuwa anasimama ghafla, anainama, anashukuru, anaelekea kwenye gari. Mara ya kwanza nilidhani ana miadi. Baadaye mama mmoja akaniita pembeni, ugali umeshasongwa na kuku ameshachinjwa, akaniuliza kwa huzuni ya kweli: "Huyu mwanangu nimemkosea nini?" Nikamuuliza mwenyewe tukiwa njiani. Akanieleza kwamba kwao watu husimuliana habari za mwenyeji wa Kyoto ambaye mgeni akikaa sana humuuliza kama angependa wali wa kumiminiwa chai, na mgeni mwenye akili anajua hapo ameambiwa kwa upole aende zake. Kijana alikuwa anakimbia ili asiwe mzigo. Nikamwambia kwamba huku kwetu mwenye nyumba akisema chakula, chakula kipo jikoni, na ukikimbia umemwachia aibu. Siku ya pili aliomba tumrudie yule mama. Alikula mpaka akaongezewa, na mama akamfungia ndizi za kwenda nazo.

Shikamoo nayo ina kisa chake. Wajapani wanaielewa haraka kuliko wageni wengine wote niliowahi kufanya nao kazi, kwa sababu lugha yao nzima imejaa ngazi: unavyosema na mkubwa, unavyosema na mteja, unavyojishusha mwenyewe. Tatizo ni kwamba ngazi zao hazitazami umri peke yake. Mhandisi wetu alipoambiwa "shikamoo ni salamu ya heshima" akaona ni haki ampe kila mtu anayemtegemea kazini. Asubuhi akafika getini, akavua kofia, akainama, akamwambia mlinzi: "Shikamoo." Mlinzi alikuwa kijana mdogo, pengine umri wa mtoto wake wa mwisho. Akarudi nyuma, akaanza kuomba msamaha: "Hapana mzee, usinifanyie hivyo mzee, mimi nimefanya nini?" Mhandisi, akiona kijana anaogopa, akadhani hajainama vya kutosha. Akainama zaidi. Kijana akaingia ndani ya kibanda akafunga mlango. Tuliwakalisha wote wawili kwenye benchi moja tukawaelewesha, na yule kijana ndiye aliyemfundisha mzee kuitikia "marahaba" kwa ule mvuto wa sauti unaotakiwa.

Mpishi naye alikaribia kuacha kazi kwa sababu ya mkono. Mjapani akikataa kitu kwa upole hupunga kiganja mbele ya pua, huku na huku, maana yake "hapana, imenitosha". Mpishi ameleta sahani ya pili ya samaki, mgeni anapunga mkono puani. Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Alirudi jikoni akanusa samaki, akamwonjesha msaidizi wake, akanusa tena.

Kijana mwingine wa kujitolea alikuja na Kiswahili kizuri alichofundishwa kwao kabla ya safari, ngeli zote mahali pake kuliko wengi wetu. Lakini Kijapani hakitenganishi sauti ya L na ya R, na ulimi ulimponyoka siku mbaya, siku ambayo ndani ya chama kulikuwa na minong'ono ya kubadilisha uongozi. Akawatangazia wanachama kwa furaha: "Leo kura kwanza, halafu mkutano!" Alimaanisha pilau iliyokuwa inapakuliwa nje. Mwenyekiti alisimama akauliza nani ameitisha uchaguzi bila taarifa, na katibu akaanza kutafuta katiba ya chama. Sufuria zilipoingia ndipo watu wakaelewa.

Wengi hudhani Kiingereza ndicho kingetuokoa sote. Uzoefu wangu unasema vingine. Muulize Mswahili, "Maji hayajafika?" Kama hayajafika atakujibu, "Ndiyo, hayajafika." Mjapani naye hujibu vilevile: "hai", yaani ni kweli ulivyosema, hayajafika. Kiingereza kinageuza, ukikitumia inabidi uanze na "hapana". Kulikuwa na mshauri mmoja Mwingereza, mtu makini sana, aliyekuwa anakagua zamu za maji. Akamuuliza mgawa maji kwa Kiingereza kama maji hayajafika kwenye majaruba ya chini, mgawa maji akamjibu "yes". Akamuuliza fundi wa Kijapani swali hilohilo, naye akasema "yes". Mashahidi wawili, jibu moja. Akaandika kwamba maji yamefika. Mgawa maji na fundi walikuwa wanaelewana kikamilifu siku nzima kwa Kiingereza cha kuokoteza, na aliyepotea ni mwenye Kiingereza chake. Tukakubaliana kwamba ripoti za maji ziandikwe kwa neno moja tu, "kavu" au "maji", na saa ziandikwe kwa alama ya jua au ya mwezi pembeni, kwa sababu saa nane ya ratiba ya Kijapani ilishawahi kumwamsha mzee wa watu usiku wa manane kwenda kufungua maji ambayo zamu yake ilikuwa asubuhi.

Stoo ilikuwa na vituko vyake. Wajapani wana utaratibu wa S tano wa kupanga mahali pa kazi, na hospitali nyingi za Tanzania zinautumia kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kazi nzuri sana ya tafsiri, kila neno limebaki na S yake. Ila siku bango lilipobandikwa na mhandisi akawaambia akina mama wa stoo, kwa sauti ya amri, "Leo wote, sasambua!", tulihitaji muda kabla mtu yeyote hajaweza kufanya kazi. Mama mmoja wa Pangani, ambaye kwake kusasambua ni kuvua nguo, alitoka nje kabisa akaenda kucheka chini ya mwembe. Na yule mtunza stoo aliyesikia mabosi wanalalamika kila siku kwamba hapa "horenso" haitoshi, akaliingiza neno kwenye simu limtafsirie, akaambiwa ni spinachi, kesho yake alikuja na mafungu ya mchicha ya kutosha ofisi nzima. Wajapani hulitumia neno hilo kwa kuunganisha vichwa vya maneno matatu: kutoa ripoti, kupeana taarifa, na kushauriana. Mchicha tuliula, na horenso ikaeleweka vizuri kuliko semina yoyote ingeweza kuieleza, kwa sababu yule mtunza stoo ndiye leo anayedai taarifa kwa kila anayechukua koleo.

Nimeacha mwisho jambo ninalolipenda kuliko yote. Wiki yake ya kwanza mhandisi alijikwaa kwenye tuta, na watu wote waliokuwa karibu wakamwambia "Pole!" Jioni akaniuliza kwa wasiwasi kwa nini wameomba radhi wakati hakuna aliyemsukuma, na kama anatakiwa kuwasamehe rasmi. Nikamweleza kwamba hawakuomba radhi, walimshika mkono kwa maneno. Nikamwambia pia kwamba tuna "pole na kazi", ya mtu anayetoka shambani au aliye katikati ya shughuli. Akanyamaza, kisha akasema "otsukaresama", neno ambalo Wajapani huambiana kazi inapoisha, na ambalo linakiri kwamba mwenzako amechoka na kuchoka kwake kumeonekana. Alikuwa ameishi nchi kadhaa akilitafuta bila kulipata. Kesho yake jioni alipita mfereji mzima kwa miguu, akisimama kwa kila mtu mwenye jembe: "Pole na kazi. Pole na kazi." Wakulima nao wakamdai neno lake, akawafundisha, wakalifupisha kama watu wanavyofupisha jambo wanalolitumia kila siku. Mradi uliisha, wataalamu wakarudi kwao. Wa zamu ya usiku bado wanapokezana pale kwenye banio wakiambiana "otsukare", na vijana waliojiunga juzi wanadhani ni Kipare.